Alalie Upande wa Kulia

Mume wangu aliingia kaburini na makovu mawili upande wa kulia. Lile dogo lilikuwa kati ya ubavu na ubavu, dogo hata ungesema ni alama ya tetekuwanga. Lile kubwa lilishuka kutoka chini ya mbavu hadi karibu na kitovu, nene, lina alama za uzi huku na huku, kama reli ya Malaba na mataruma yake. Wajukuu walipenda kutembeza kidole juu ya hilo kubwa wakilia kama gari moshi, na babu yao akiwaacha. Lile dogo hawakulijali. Mimi niliogopa lile dogo, maana ndilo lililomzaa mwenzake.

Mmoja wa wajukuu hao sasa ni daktari wa kweli, mwenye koti jeupe, na sioni haya kusema kichwa hicho alikitoa kwangu, hata kama mimi shule niliiacha darasa la pili nikaenda kubeba wadogo zangu mgongoni. Ananiambia siku hizi kabla ya kumchoma mtu sindano ya ini wanatazama kwanza kwa mashine, waone mishipa ya damu imepita wapi. Na mshipa ukitobolewa kwa bahati mbaya, wanaweza kupitisha mrija mwembamba kama uzi kutoka kwenye paja, wauelekeze mpaka penye tundu, walizibe kwa ndani, na tumbo la mtu halijapasuliwa. Nilimsikiliza mpaka mwisho. Halafu nikamwambia sisi wakati wetu tuliziba kwa ubavu wa mgonjwa mwenyewe, na uliposhindwa, kwa mkono wa daktari na damu ya mama yangu. Akataka nimweleze. Ndiyo haya ninayoyaandika.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Mimi ni mtoto wa Samia, kwetu ni karibu na Funyula, lakini niliolewa huku juu kwa Wateso, kati ya Amagoro na Malaba. Mume wangu alikuwa kuli wa stesheni. Magunia ya pamba, ya chumvi, ya kahawa kutoka Uganda, yote yalipita mgongoni mwake, na alikuwa mtu wa kubeba gunia huku anasimulia kichekesho. Jioni aliketi na wenzake kuzunguka chungu cha ajon, ile pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake mrefu. Siku za mshahara walivuka mpaka kutafuta kitu kikali zaidi, ile inayoshika moto ukiisogezea kiberiti.

Mwaka ule macho yake yakaanza kuwa manjano. Kwanza nilidhani ni mwanga wa taa. Halafu mkojo ukawa kama chai ya rangi, mikono ikakonda, tumbo likavimba, na siku moja gunia la chumvi likamshinda mbele ya watu. Mama yake alisema ametupiwa kitu na mwenzake wa stesheni anayetaka nafasi yake. Akachanjwa, akanyweshwa majani, akatapika majani. Nilipoona nzi anamtua usoni naye hamfukuzi, nikamwambia shemeji yangu, kaka yake mkubwa, kwamba ama tunakwenda hospitali leo, ama nampakia mimi mwenyewe kwenye toroli na mimba yangu hii. Nilikuwa na mimba kubwa. Shemeji alikuwa akibeba watu kwa baiskeli pale mpakani Busia, alijuana na madereva. Akatutafutia lori la pamba.

Hospitali ilikuwa ya misheni, upande wetu huu wa mpaka. Daktari alikuwa Muganda kijana, mwembamba, viatu vinang'aa hata wakati wa matope. Kila mwanamke alimwita nyabo na kila mwanamume ssebo, kama wanavyofanya kwao. Alimbonyeza mume wangu chini ya mbavu, akagonga kwa vidole kama mtu anayepima mtungi kama una maji. Akasema ini limekuwa gumu na limekua, na kwa mkono peke yake hawezi kujua kama ni uvimbe ule mbaya unaoua, au ni ugonjwa mwingine ambao mtu anaweza kuishi nao. Alitaka kuchukua kipande cha ini kwa sindano, akitazame.

Mtu ambaye hakuishi miaka ile hawezi kujua maneno hayo yalitutisha namna gani. Kulikuwa na habari za kachinja, watu waliokamata wapita njia na kuwanyonya damu kwa mpira, halafu wakawatupa wakiwa wakavu. Watoto wakiona gari jekundu linapita barabarani walikimbilia ndani ya mahindi. Na huyu sasa alikuwa anaomba ini. Shemeji alinivuta pembeni akaniambia leo watachukua kipande cha ini, kesho watataka figo, na kesho kutwa watatupa ngozi tukaifanye kiti. Kwa kweli hata mimi nilitazama mlango uko wapi. Lakini mume wangu mwenyewe, amelala pale na macho yake ya manjano, alisema kama kuna kinachomla, basi wakione.

Yule daktari hakutudanganya, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Aliniita nikae karibu.

"Nyabo, ini si kama nyama ya paja," aliniambia. "Ni kama kitambaa cha kudeki kilicholowa, limejaa mishipa ya damu, na mimi nachoma mahali ambapo sipaoni. Sindano ikipita vizuri, tundu linajifunga lenyewe. Ikigusa mshipa, damu itamwagikia ndani ya tumbo, na wewe huku nje hutaona hata tone."

Hilo la mwisho ndilo lililoniingia. Damu niliizoea. Nimezaa, nimechinja, nimemfunga mtu aliyekatwa na panga. Damu unaiona, unaikamata, unaikaza na kitambaa. Damu inayomwagika ndani ya mtu aliyelala kimya, ngozi yake nzima, hiyo utaikamata wapi?

Kwanza walimtoboa ncha ya sikio, sista Mzungu akawa anagusisha karatasi ya kukaushia wino, anangoja, anagusisha tena. Damu ilichelewa kukoma. Nikaona sista na daktari wanaangaliana juu ya kichwa chake. Wakamdunga dawa ya kusaidia damu kuganda, tukangojeshwa siku kadhaa, sikio likatobolewa tena, na mara hiyo daktari akatikisa kichwa kukubali. Nilipenda kule kungoja. Nilijiambia, mtu anayengoja hivi si kachinja.

Asubuhi ya sindano niliruhusiwa kusimama upande wa miguu. Mume wangu alikuwa kifua wazi, mkono wa kulia umewekwa nyuma ya kichwa, kama mtu anayepumzika kivulini. Daktari alipapasa mbavu zake, akapaka dawa, akamdunga ya ganzi. Halafu akamwambia avute pumzi, aitoe yote, asivute tena mpaka aambiwe. Mimi pia niliacha kupumua. Sindano iliingia ikatoka, upesi kama ulimi wa kinyonga. Ndani ya kichupa kikaanguka kitu chembamba, chekundu kahawia, kama mtoto wa nyungunyungu. Nikafikiri, hicho ndicho tumeogopa hivi?

Mara wakamgeuza alalie upande wa kulia, na mto mgumu chini ya mbavu. Daktari alisema uzito wake mwenyewe ndio utakaolibana lile tundu, kama mtu anayefunga mlango kwa mgongo kwa sababu komeo hakuna. Asiinuke mpaka kesho. Asikae. Haja ndogo afanyie kwenye chupa hapo hapo. Nesi atakuja kila mara kupima mapigo ya mkono.

"Na wewe ndiye kufuli, nyabo. Akisema bega la kulia linamuuma, usingoje. Nikimbilie, hata kama nakula."

Nilimwuliza bega linahusiana nini na ini. Akasema damu ikijaa juu ya ini, uchungu wake unatokea begani. Sikuelewa, lakini nililishika neno hilo kama mtoto anavyoshika sabuni ya dukani asiipoteze njiani.

Mpaka adhuhuri mambo yalikuwa mazuri. Alilala kwa ubavu wake, akalalamika njaa, akanitania kwamba sasa yeye ni samaki wa kukaangwa upande mmoja. Shemeji alikuwa nje anavuta sigara. Mimi nikabeba ile chupa ya mkojo kwenda kuimwaga.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo, maana nyinyi wajukuu wa siku hizi mnakula sahani moja na wakwe zenu. Kwetu Samia, na huku kwa Wateso ni vile vile, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Wakikutana njiani mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Mama hakanyagi nyumba ya mkwewe, hali chakula chake, na zaidi ya yote, hakioni kitanda chake. Kumwona mkweo amelala, tena kifua wazi, hiyo ilikuwa aibu ambayo watu walisema inatetemesha mwili mpaka uzeeni. Tangu nilipoolewa mume wangu alikuwa hajauona uso wa mama yangu. Walikuwa wakisalimiana ukuta ukiwa katikati.

Mama yangu alisikia habari kule Funyula, akapanda gari la mizigo, akaja na kuku na unga wa uji, kwa ajili yangu. Hakuwa na nia ya kuingia. Alikaa chini ya ukingo wa paa akingoja mtu wa kumtuma aniite. Pale palikuwa na mfanyakazi mmoja wa kufagia, mgeni kutoka Ukambani, mtu mwenye huruma nyingi. Akamwona mama mzima amekaa chini na kuku wake. Akamuuliza mgonjwa wake ni nani. Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, akasema jina la mume wangu ili aelekezwe nilipo mimi. Basi yule bwana akamshika mkono.

"Kuja mama, usiogope, mtoto wako yuko hapa."

Akamvuta mpaka ndani ya wodi, mpaka mbele ya kitanda, kwa furaha ya mtu anayetenda wema.

Mama alifanya lililompasa. Alijifunika uso kwa leso, akageuka. Mume wangu naye alifanya lililompasa. Aliruka kitandani, akavuta shuka, akakimbia akajificha nyuma ya mlango wa wodi. Mtu ambaye wiki nzima alikuwa haendi msalani bila kushikwa. Wagonjwa wa Kiteso na wa Samia waliokuwa pale walielewa, wakageukia ukuta wote. Yule mwenye ufagio tu ndiye aliyebaki amesimama katikati, anauliza amekosea wapi.

Niliporudi na chupa yangu tupu nilikuta kitanda kitupu. Nilimwona mume wangu nyuma ya mlango, amejikunyata ndani ya shuka, anacheka bila sauti.

"Mama watoto," aliniambia, "mama yako ameniona mpaka mbavu. Sasa nitahamia wapi?"

Nilimrudisha kitandani kwa maneno makali, nikamlaza kwa ubavu, nikausukuma mto mahali pake. Lakini na mimi nilicheka. Ungecheka hata wewe. Nikatoka kumtazama mama. Alikuwa amekaa nyuma ya jengo, mgongo kwa ukuta, leso bado usoni, anatetemeka kweli, anasema ameniharibia nyumba. Nilimtuliza. Nilimwambia hakuingia kwa hiari yake, amevutwa, wazee watalimaliza jambo hilo kwa mbuzi. Nikarudi ndani.

Nilipokaa tu, mume wangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nafikiri nilijigonga bega pale mlangoni."

Nilimuuliza bega lipi. Akalishika.

Nilikimbia na mimba yangu ile. Niliwapita wagonjwa wa nje kwenye foleni, nikaingia katika chumba cha daktari bila kubisha, alikuwa anamtazama mtoto koo. Sikukumbuka hata kumsalimia. Nilimwambia bega. Akamweka yule mtoto mikononi mwa mama yake, akatoka.

Tulipofika, yule mtu niliyemwacha anaongea alikuwa amebadilika. Jasho lilimtoka, na lilikuwa jasho baridi. Kucha zake zilikuwa nyeupe kama za mtu aliyefua nguo kutwa. Daktari alimshika mkono, akatazama saa, akamwekea mkono mwingine tumboni. Nikaona uso wake unafungwa. Akatoa amri kwa sauti ndogo. Wakaleta matofali, wakainua kitanda upande wa miguu, damu iliyobaki iteremke kichwani. Wakatundika chupa ya maji, wakatafuta mshipa mkononi, mishipa yote ilikuwa imelala, sista akatoboa, akatoboa tena, mpaka akaupata. Kwa nje hapakuwa na damu. Palikuwa na plasta ndogo, safi, na kidoa cha kahawia. Nilikuwa naitazama plasta ile na nikaichukia.

Daktari akatuita mimi na shemeji. Akasema sindano iligusa mshipa. Huenda bonge la damu lilikuwa limeshaziba, na kule kuruka likang'oka. Huenda lilikuwa halijaziba kabisa, angevuja hata angelala kama maiti. Hajui, na hatajua. Akasema kama damu haikomi yenyewe atampasua aufunge ule mshipa kwa mkono. Lakini hawezi kumpasua mtu mtupu. Anataka damu ya watu, sasa hivi, na hospitali haina chupa hata moja.

Shemeji alikuwa mtu mzuri, sitamsema vibaya, alikuwa anampenda ndugu yake. Lakini alipoona mpira na chupa tupu, alirudi nyuma. Hata hivyo alinyoosha mkono, amefumba macho, akiomba Mungu kwa Kiteso. Sista alitonesha damu yake kwenye kigae cheupe, akaichanganya na ya mgonjwa. Ikashikana madonge madonge, kama maziwa yaliyoharibika. Haifai. Nikanyoosha mkono wangu. Daktari akalitazama tumbo langu akasema hapana, yeye hatachota katika chungu chenye watu wawili. Nikamwambia nina nguvu kuliko mwanamume yeyote hapo. Akasema anaona, lakini hapana.

Wale waliokuja kuwaona wagonjwa wengine, waliposikia damu inatafutwa, uwanja ulibaki na kuku peke yao.

Hapo sauti ya mama yangu ikatoka nyuma ya ukuta. Alikuwa bado amekaa pale, alisikia yote kupitia dirishani.

"Yangu waipime," alisema kwa Kisamia.

Shemeji alielewa, akashtuka kuliko alivyoshtuka kwa chupa. Alimjibu akiongea na dirisha, maana hata yeye hakupaswa kumtazama. Akasema mama, hilo halijawahi kuonekana. Damu ya mkwe iingie mwilini mwa mkwe? Akipona atakuwa ametoka tumboni mwako. Na huyu mkewe atakuwa dada yake, na mtoto aliyembeba atakuwa wa nani? Watalala vipi nyumba moja?

Sikuwa nimelifikiria hilo. Sasa likaniingia. Nilimtazama mume wangu kule ndani, nikashika tumbo langu, na kwa dakika hiyo sikujua ninamwogopea nani.

Mama yangu hakupandisha sauti. "Watalala vipi wataona wenyewe. Kwanza apumue. Mimi nimeshamwona kifua, kuna kitu gani kimebaki cha kuficha?"

Nesi akatoka kumchukua. Walimpitisha mlango wa nyuma, leso usoni, asipite wodini. Damu yake ilipotoneshwa kwenye kigae ikabaki laini. Sista akatikisa kigae, akatazama kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa tena. Laini. Nilisikia shemeji anaguna kama mtu aliyepigwa ngumi.

Wakaleta karatasi ya ruhusa ya kupasua. Wakampa shemeji kama mwanamume wa ukoo, akaigeuza mbele na nyuma. Nikaichukua mimi. Walinisogezea wino wa dole gumba, nikausukuma pembeni, nikaomba kalamu. Niliandika jina langu lote, herufi kubwa kubwa, kama nilivyofundishwa darasa la pili. Kama ni kumuua, nilitaka ijulikane ni nani aliyekubali.

Mama alilazwa kwenye benchi ndani ya chumba kidogo, ngumi inafumba na kufumbua. Niliona chupa ile inajaa. Walipomchukua mume wangu kwa machela, alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima, na alikuwa ameacha kunitambua. Nesi akanipita mbio na chupa mikononi. Niliigusa. Ilikuwa na joto. Joto la mama yangu, lile lile nililolilalia mgongoni nikiwa mtoto, linakwenda kuingizwa kwa mume wangu kwa mpira.

Mlango ukafungwa.

Sijui tulikaa pale muda gani, mama na mimi, na shemeji mbali kidogo amewapa mgongo wanawake. Mama alipewa chai ya sukari nyingi, nusu ikammwagikia. Dawa ya usingizi ilikuwa inanukia chini ya mlango. Nilisikia vyuma vinawekwa kwenye beseni. Kila kimoja kilichogonga nilihesabu kama pigo la moyo wake, na kila kimya kilipokuwa kirefu nilijua amekwisha. Mtoto tumboni alikuwa ametulia, hachezi kabisa, na hilo pia likaniogopesha. Yule Mkamba wa ufagio alikuja akasimama mbele yetu, amevua kofia. Alikuwa ameshaelezwa. Alichukua kuku wa mama aliyekuwa anazurura, akamfunga miguu vizuri, akamweka karibu nasi, akaenda.

Wakatoka mara moja kuomba damu nyingine. Mama akanyoosha mkono wa pili kabla hajaulizwa. Sista alikataa, akasema huyu mama naye ataanguka. Kumbe yule sista mwenyewe damu yake ilikuwa ile inayoingia kwa kila mtu. Akakaa kwenye kiti, akakunja mkono wa nguo, akatolewa na nesi wake, akarudi ndani akiwa mweupe kuliko kawaida yake.

Jua lilikuwa limeinama mlango ulipofunguliwa. Daktari alikuwa amelowa mpaka kiunoni, na vile viatu vyake vilivyong'aa sikutaka kuvitazama. Alikaa sakafuni karibu yangu, daktari mzima, akanyoosha miguu. Akasema wamekuta tumbo limejaa. Mshipa ulikuwa unavuja pole pole bila kuchoka. Ini halishonwi kama nguo, ukivuta uzi linachanika. Alilibana kwanza kwa vidole mpaka vikafa ganzi, kisha akapitisha sindano butu yenye uzi mnene, na chini ya uzi akaweka kipande cha yale mafuta ya tumboni yaliyo kama wavu, yale tunayoyaona tukipasua mbuzi, ili uzi usikate. Juu yake akashindilia kitambaa kirefu cha hospitali, ncha akaiacha nje.

"Amepona?" nilimwuliza.

"Hajafa," alinijibu.

Siku zilizofuata sikuwa na kazi nyingine ila kutazama kucha zake. Zikiwa na rangi napumua, nikidhani zimepauka nakimbilia nesi, mpaka manesi wakaanza kunikimbia wao. Nilimwogopea akikohoa. Nilimwogopea akicheka. Siku iliyotisha kupita zote ni ya kutoa kile kitambaa. Maana ukishaweka kizibo, nani anapenda kukizibua? Daktari alikivuta kidogo kidogo, anaacha, anatazama, anavuta. Kilitoka kirefu kama utumbo, cheusi, mume wangu ameuma blanketi. Tukangoja. Daktari alishika mkono wake na hakuuachia mpaka chai ya watu wote ikapoa. Damu haikuja.

Habari ya kile kipande cha ini ikarudi. Si uvimbe ule mbaya. Ini lilikuwa linakauka kwa pombe, na bado kuna sehemu ya kuishi nayo kama ataacha. Aliacha. Miaka yote aliyobaki nayo alikwenda kukaa kwenye chungu cha ajon na wenzake, ana kikombe chake cha chai, wakimcheka kwamba yeye sasa ni mlokole wa ini.

Kuhusu ile damu, wazee walikaa. Walibishana kwelikweli kama mimi ni mke au dada. Mmoja akasema mtoto akizaliwa salama, jambo limekwisha, akizaliwa vibaya, watajua. Nilibeba mimba hiyo kama mtu anayebeba yai kwenye kijiko. Akazaliwa msichana, mnene, mwenye kelele, vidole vyote vimetimia. Huyo ndiye aliyemzaa huyu daktari wetu. Basi wazee wakala mbuzi, wakasema damu ya chupa si damu ya tumbo, na mama na mkwewe waendelee kuogopana kama zamani.

Lakini nataka kuisimulia ile siku tuliyotoka hospitalini. Mama alikuwa amerudi kwake kupata nguvu, na siku hiyo akaja tena. Tulimkuta amesimama kando ya barabara, mahali lori lingetuchukua. Alipotusikia tunakuja aligeuka, akatupa mgongo, akatazama mashamba. Mume wangu alikuwa anatembea ameinama, mkono mmoja kwangu, mwingine umeshika ubavu. Alipofika nyuma ya mama akasimama. Nikatazama kucha zake, nikiogopa kwamba ni damu tena.

"Mama," aliuambia mgongo ule, "nimeinuka."

Mama hakugeuka.

"Usiinuke inuke," alisema. "Ukifika nyumbani, lalia upande wa kulia."

Tukapanda lori. Na tangu siku hiyo, kila mtu aliyetoka Funyula kuja kwetu, awe amekuja kwa msiba au kwa harusi, kabla hajakaa alikuwa na salamu ya mama ya kumpa mume wangu kupitia ukutani, nayo ilikuwa hiyo hiyo moja. Hata baada ya mama kufa, hakulalia tena upande mwingine. Mimi nililala nyuma yake miaka yote, mkono wangu juu ya kucha zake.